Kuku Aliyechinjwa na Melkior

Ndala zile zilikuwa za njano, za mpira, na ya mguu wa kulia ilikuwa imefungwa kamba ya katani pale ukanda ulipokatika. Pudensiana alizitambua hata kwa mbali. Kila alipoziona zimevuliwa mlangoni kwa Mama Idi, roho ilimpanda mpaka kooni. Siku hiyo alikuwa akifagia uwanja, na ufagio ukakwangua mahali pamoja mpaka vumbi likaisha, kwa sababu macho yake yalikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa.

"Tangu saa nne yumo," alijisemea. "Sasa jua liko utosini. Wanaongea nini watu waliojuana juzi?"

Kutoka ndani kikaja kicheko cha Mama Idi, kile cha kukohoa mwishoni. Pudensiana alikijua kicheko hicho. Alidhani ni yeye tu anayeweza kukitoa.

Hapo ni Ilembo, pembeni ya mji wa Mpanda, upande ule ambao nyumba zinaanza kuachana na mashamba ya mahindi yanaingia katikati, mwaka wa tisini na tano, Kwaresma ikiwa inaelekea mwisho. Pudensiana alikuwa Mpimbwe wa Kasansa, ameolewa na Melkior fundi baiskeli, na mtoto wao wa pekee, Hilari, alikuwa ameshaoa na anaishi Tabora. Mama Idi alitoka huko huko Tabora. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nyamizi, Mnyamwezi, Mwislamu, mjane. Kila alfajiri alikaanga maandazi, akayabeba kwenye beseni la bluu mpaka sokoni Kashaulili, na kufika saa nne alikuwa amerudi, beseni tupu, mikono ikinukia iliki.

Walikuwa majirani kwa miaka kumi na mmoja. Pudensiana alipovimba mguu akalala wiki tatu, Mama Idi ndiye aliyemkorogea uji wa ulezi na kumfulia. Mume wa Mama Idi alipofariki, Pudensiana alilala kwenye mkeka wa msiba siku zote, akapikia watu bila kuondoka. Na kila siku ya Mungu, akisali rozari yake, fungu la mwisho alilitoa kwa ajili ya Mama Idi, amjue Yesu. Hilo alimwambia Padri peke yake.

Mama Idi mwenyewe hakumwambia. Mwanzoni alisema atangoja wazoeane. Walipozoeana, akaogopa kuvunja mazoea. Halafu ikaja miaka ile ya mihadhara, watu wa dini hii na ile wanapanda juu ya meza sokoni na vipaza sauti, kila mmoja anachana kitabu cha mwenzake kwa maneno. Siku moja Mama Idi alirudi na maandazi nusu beseni. Mtu alikuwa amesimama mbele ya biashara yake, akamtukana Mtume wake mpaka wateja wakatawanyika. Pudensiana alikaa naye kimya jioni nzima, wakala maandazi yaliyobaki, na toka hapo akajiambia kwamba kukaa kimya ndiyo heshima. Labda ilikuwa heshima. Na labda woga nao ulikuwemo. Hakuwahi kukaa chini kuvitenganisha.

Basi, akaja Skolastika, mwenye ndala za njano.

Skolastika alikuwa mke wa mwalimu, miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye sauti ya kuimba. Alikuwa Mkristo, lakini amekulia Ujiji katikati ya Waislamu, na mambo yao aliyajua kama anavyojua jiko lake. Alipanga nyumba ya tatu kutoka kwa Pudensiana. Ndani ya miezi mitano tu, alikuwa anaingia kwa Mama Idi bila kupiga hodi mara ya pili.

*

Jumamosi ile, Pudensiana na Mama Idi walikaa kivulini nyuma ya jiko, wakinyofoa karanga mbichi kwenye mashina yake. Udongo ulikuwa bado na unyevu, ukiwaingia kwenye kucha.

"Mama Hilari," alisema Mama Idi, "yule mtoto Skolastika amenifurahisha."

"Amefanya nini tena?"

"Kaja na kile kitabu chake cha Injili. Unajua kakileta vipi? Kakifunga kwenye kitambaa cheupe. Akaomba maji, akanawa mikono. Akasema, 'Mama, naweza kukusomea kidogo habari za Bibi Mariamu? Ukichoka uniambie, naacha.' Nikamwambia soma. Mbona huyo Mariamu na sisi tunaye! Tukawa yeye anasoma, mimi namwambia tulivyofundishwa madrasa. Pengine tunalingana, pengine tunaachana. Hajakasirika, sijakasirika."

Pudensiana alinyofoa karanga kwa nguvu mpaka shina likakatika.

"Sisi kwetu vitabu hatuviviringishi kwenye vitambaa," alisema.

"Najua. Kile cha kwako kiko juu ya kabati pamoja na dawa za mbu." Mama Idi akacheka. "Yeye kafanya hivyo kwa ajili yangu. Kajua nitaona vibaya kitabu cha Mungu kikiwekwa chini."

Maneno haya yalimwingia Pudensiana kama moshi wa kuni mbichi. Akavumilia kidogo, akashindwa.

"Mbona hayo hukuniuliza mimi? Miaka yote hii niko hapa. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya, Mama Idi. Bibi Mariamu namwomba kila siku."

Mama Idi alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nikuulize vipi, mwenzangu? Wewe hujawahi kunitajia. Nilidhani hutaki kuongea mambo hayo na mimi. Nikasema basi, kila mtu na zake."

Pudensiana alivuta shina jingine. Angeweza kusema pale pale: nilitaka, niliogopa. Badala yake alisema karanga za mwaka huu zina punje ndogo.

*

Jumanne ya Wiki Kuu, jumuiya ilisali kwa Pudensiana mwenyewe. Walikuja wanawake kumi na wawili na wanaume wawili, na huyo Skolastika. Baada ya sala, Pudensiana aliuliza kama kuna mwenye neno. Skolastika akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mama mwenyekiti, nina ombi la kuombewa. Mama Idi ameniambia anapenda kusikia habari ya mateso ya Bwana na ufufuko, tokea mwanzo mpaka mwisho. Ameomba mwenyewe. Nimemkaribisha chakula Jumatatu ya Pasaka. Nyie mniombee niseme kwa upole, nisimkwaze."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja, Bernadetha, mwenye mdomo usiofungwa, akasema, "Haya! Mwenyekiti wetu kaishi naye mpaka minyaa imeota matawi, kumbe alikuwa anamngoja Skolastika!"

Walicheka wote. Pudensiana naye alicheka, meno tu. Masikio yalikuwa yanachemka. Miaka kumi na mmoja ya rozari! Yeye ndiye aliyelima, akapalilia, akafukuza ndege, na leo mtu kaja na kikapu chake kizuri kuvuna. Alimtazama Skolastika alivyoinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ule ukamuudhi zaidi. Afadhali angejivuna, ingekuwa rahisi kumchukia.

Wageni walipotawanyika, hata vikombe hakuosha. Alivuka ua.

"Mama Idi, Jumapili unakuja kula Pasaka kwangu."

"Jumapili? Jumatatu niko kwa Skolastika."

"Ndiyo maana nasema Jumapili. Pasaka yenyewe ni Jumapili. Jumatatu ni makombo."

"Mh!" Mama Idi alikunja kanga yake akimwangalia kwa pembe ya jicho. "Mwaka huu nina bahati. Nitakuja."

*

Sasa, kule kwao kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika mahali. Mkristo akitaka kumlisha jirani Mwislamu nyama, hachinji mwenyewe. Anampeleka kuku au mbuzi kwa Mwislamu, anachinjiwa kwa jina la Mungu kama wanavyochinja wao, ndipo anapika, na wote wanakula sahani moja. Pudensiana siku zote alipeleka kuku wake kwa Mzee Athumani, nyumba ya pembeni ya msikiti. Mzee Athumani alikuwa na kisu chake maalumu, na ujira wake ulikuwa ni kuuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine mpaka kuku akatulia.

Jumapili ile Misa ilichelewa kwisha. Kulikuwa na ubatizo wa watu wazima, Padri akahubiri kama hataki kuwaacha watu. Pudensiana alitoka mbio, akafika nyumbani, akamkamata jogoo mwekundu aliyemtengea mgeni wake, akaenda naye kwapani kwa Mzee Athumani.

Mlango ulikuwa na kufuli.

"Kaenda Karema kwenye msiba," jirani mmoja alimwambia. "Atarudi Jumatano."

Alisimama pale na jogoo anayempiga mbawa kwenye mbavu. Angeweza kwenda mpaka Kashaulili kwa wauza nyama, lakini ni mwendo, na saa sita ilishapita, na Mama Idi amealikwa saa nane. Angeweza kumwambia Mama Idi mwenyewe, naye angemtafutia mtu. Angeweza kupika maharage yenye nazi na mchele wa Kasansa, na Mama Idi asingelalamika. Yote haya yalipita kichwani. Lakini alijua Skolastika kesho atapika kuku. Skolastika, mke wa mwalimu, kuku wa mchuzi mzito; na yeye, mwenyekiti, maharage? Siku ya Pasaka?

Alirudi nyumbani. Melkior alikuwa uwanjani na tairi la baiskeli mapajani.

"Mzee Athumani hayupo," alisema Pudensiana.

"Lete hapa basi."

"Melkior, ni wa kula na Mama Idi."

"Nani atajua? Kuku ni kuku. Akishaingia kwenye sufuria hana dini." Akafuta mikono yenye grisi kwenye suruali, akachukua kisu.

Pudensiana aligeuka akaingia ndani kuchambua mchele. Hakusema chinja, wala hakusema acha. Alisikia jogoo akipiga kelele mara moja, kisha kimya. Alichambua mchele ule mpaka hata punje nzima akaitupa.

*

Mama Idi alikuja saa nane kamili, amevaa kanga mpya na ushungi mweupe, ameshika sahani ya maandazi iliyofunikwa.

"Heri ya Pasaka, Mama Hilari!"

"Ahsante, karibu, karibu sana."

Walikaa mkekani wawili peke yao, Melkior akiwa amekwenda kwa wenzake. Pudensiana alikuwa amejipanga. Usiku wa mkesha alikuwa amerudia maneno yake kichwani wakati wengine wanaimba. Akaanza.

"Mama Idi, nataka nikuambie kitu ambacho nimekaa nacho muda mrefu. Habari ya Yesu, tunayosherehekea leo."

"Niambie."

"Sisi tunaamini alikufa msalabani..."

"Sisi tumefundishwa hakusulubiwa," alisema Mama Idi kwa upole. "Mungu alimwinua."

"Najua. Sitaki kubishana na kitabu chako. Nakuambia tunavyoamini sisi, na kwa nini mimi nalia kila Ijumaa Kuu."

"Hapo nakusikiliza. Nimekuwa nikikuona umevimba macho kila mwaka, naona haya kuuliza."

Maneno yakaanza kutoka. Yakatoka zaidi kuliko alivyotegemea! Alieleza bustani, na rafiki aliyemuuza kwa busu, na Petro aliyemkana mwenzake kwenye moto wa makaa. Mama Idi aliacha kucheza na pindo la kanga. Alisogea. Akasema "Subhana'llah" mahali pa busu. Na Pudensiana, Mungu amsamehe, katikati ya mateso ya Bwana alikuwa anafikiria: kesho Skolastika atakuta nimeshamaliza.

"Walipofika kaburini," alisema, "lile jiwe... Ngoja. Chakula kitapoa. Tule kwanza, nitamalizia."

Alileta wali, mchuzi, mlenda, na maji ya kunawa. Jogoo alikuwa ameiva vizuri, mafuta ya dhahabu yanaelea juu. Alimpakulia Mama Idi paja. Mama Idi alinawa, akashusha ushungi kidogo usiguse mchuzi, akasema "Bismillahi," akanyoosha mkono.

Hakuuliza. Hilo ndilo lililomshika Pudensiana. Kama angeuliza nani amechinja, labda Pudensiana angedanganya, na uongo ungetoka upesi kama chafya. Lakini Mama Idi hakuuliza kwa sababu miaka kumi na mmoja hakuwahi kuwa na haja ya kuuliza. Na mwezi uliopita tu sikukuu ya Idi ilikuwa imeangukia Ijumaa ya Kwaresma, wakati Wakatoliki hawali nyama. Mama Idi aliweka sufuria ndogo pembeni, wali wa samaki, akasema, "Hii ya Mama Hilari, mtu asichanganye mwiko."

Pudensiana alimshika mkono ukiwa juu ya sahani.

"Usile."

"Kuna nini? Kuna nywele?"

"Mama Idi, usile. Mzee Athumani yuko Karema. Amechinja Melkior."

Mama Idi alibaki na mkono hewani. Halafu aliurudisha taratibu, akaufuta na kanga mpya ingawa haukuwa umegusa kitu.

"Ulijua?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unanilisha kibudu, Mama Hilari? Na huku unaniambia habari za mtu aliyemuuza mwenzake?"

"Nilikuwa na wivu," alisema Pudensiana, na machozi yakaanza. "Skolastika anakupikia kesho. Nikasema nisishindwe. Nimekuombea umjue Yesu kila siku, tangu mwaka wa kwanza, halafu yeye anakuja juzi, unamwita mwanangu, unacheka naye. Niliona kama ameniibia."

"Ameiba nini? Mimi ni mbuzi wako?"

Mama Idi alisimama. Aliiacha sahani ya maandazi pale pale, akavaa viatu bila kufunga, akaenda. Wali ukabaki unatoa mvuke.

*

Jumatatu harufu ya kuku wa Skolastika ilivuka nyumba tatu. Pudensiana alikaa ndani na mlango umefungwa. Jumanne aliona beseni la bluu likipita kwenda sokoni bila kusimama kumpa andazi la bure la asubuhi. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi Bernadetha alikuja kumdadisi akaondoka mikono mitupu. Melkior alisema, "Si ungekaa kimya mwanamke, angekula, angeshukuru, yangekwisha," na Pudensiana akamjibu kwamba asimsemeshe mpaka tairi zote za Mpanda ziishe upepo.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa aibu. Ni kwamba aliposali rozari na kufika lile fungu la mwisho, mdomo ulikataa. Amwombee Mama Idi nini? Amwombe awe kama nani?

Jumamosi, Mama Idi alisimama upande wake wa ua.

"Mama Hilari."

"Abee."

"Nimekaa nimefikiri. Hasira ya kuku imeisha juzi. Lakini kuna neno ulisema. Kwamba unaniombea, tangu mwaka wa kwanza."

"Nilisema."

"Ili niwe Mkristo."

Pudensiana alishusha macho. "Ndiyo."

"Na mimi nakuombea. Kila Ijumaa. Ili uwe Mwislamu."

Kuku wa jirani alilia mahali. Wote wawili walitazamana juu ya minyaa, na midomo ya Mama Idi ikaanza kutetemeka pembeni.

"Kila Ijumaa?" aliuliza Pudensiana.

"Hata Ijumaa ile ya wali wa samaki."

Ndipo kile kicheko kikatoka, cha kukohoa mwishoni, na Pudensiana akashika mti wa ua asianguke, akicheka na kulia pamoja.

"Haya nisikilize," alisema Mama Idi alipopata pumzi. "Mimi siahidi kitu. Na wewe usiahidi. Lakini jiwe uliliacha mlangoni pa kaburi. Nimekaa na jiwe hilo wiki nzima."

"Skolastika hakukusomea Jumatatu?"

"Sikwenda. Nilimwambia naumwa kichwa. Nilikuwa naumwa roho."

Pudensiana alisikia utamu wa ushindi ukimpanda. Skolastika alipika, na sahani ikabaki! Alikaa na utamu huo muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha akauonea haya, kwa maana aliona picha ya yule binti akifunika sufuria yake iliyopoa, akijiuliza amekosea nini.

"Wewe unajua vizuri kueleza mahali pa kulia," Mama Idi aliendelea. "Lakini kuna mambo ulinichanganya. Uliwataja wale wanawake wa kaburini, mara wawili, mara watatu."

"Hayo Skolastika anayajua," alisema Pudensiana. Maneno yalimkwaruza koo kama mfupa wa dagaa. "Kasoma. Anasoma vizuri kuliko mimi."

"Ndiyo. Anasoma vizuri sana."

Jamani, hata hapo iliuma! Mama Idi hakuwa na haja ya kuongeza "sana." Lakini Pudensiana alitandika mkeka wake mkubwa kivulini nyuma ya jiko, akatoa Biblia yake juu ya kabati, akaifuta vumbi, na baada ya kusita akaiweka juu ya mto wenye foronya safi. Akaenda mwenyewe mpaka nyumba ya tatu.

"Skolastika, mwanangu. Njoo. Na ulete kitabu chako. Jumatatu haikuwa kosa lako, ilikuwa langu, nitakuambia njiani."

Aliporudi naye, Mama Idi alikuwa ameshakaa upande wa ukutani, penye ubaridi. Pudensiana akawahi, akakaa bega kwa bega naye. Kisha akampapasia Skolastika nafasi iliyobaki, ile ya pembeni, inayopigwa na jua.

"Karibu mwanangu, kaa hapo," alisema. "Anza kwenye jiwe. Nitakurekebisha ukikosea."